Miaka Thelathini ya Kuitwa Mgeni

Kwenye foleni ya ofisi moja mjini Lodwar, Kenya, kijana aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma aliambiwa asogee kando: "Wewe ni mgeni, ngoja wenyeji wamalize." Alijibu kwa Kiswahili fasaha kuliko cha karani. Akasogezwa vilevile.

Kwamba -geni ni kivumishi cha kitu kisichozoeleka au kilichotoka kwingine, hakuna anayebisha. Kinachochokoza ni tabia yake. Kivumishi hiki, chenye mzizi wa Kibantu, huitikia kila nomino: mtu mgeni, miti migeni, neno geni, kitu kigeni, nyumba ngeni. Safi, ghali na rahisi, vilivyotoka Uarabuni, havibadiliki hata chembe: mtu safi, kitu safi, nyumba safi. Karne zimepita havijapatana na nomino yoyote, wala hakuna aliyevisogeza kando. Je, kupatana ni sharti kwa watu peke yao?

Wapo wanaosema kwamba "mgeni" ni jina la heshima, basi malalamiko ya nini? Hoja hii inakera. Nyumbani kwa watu, mgeni ndiye anayetangulizwa kunawa mikono; ni heshima gani hii inayompeleka nyuma ya foleni? Tena methali inataka siku ya tatu apewe jembe. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, ikipokea vijana waliokimbia vita vya Sudan. Jembe liko wapi? Kwa miaka mingi kutoka kambini kulihitaji kibali, na kibali cha kazi kilikuwa adimu. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 imelegeza mambo, angalau kwenye karatasi. Anayezuiwa kufanya kazi, kisha akasemwa kwamba anakula bure, hakukaribishwa bali amewekwa.

Hata hivyo, wenyeji wa Kakuma, Waturkana, wanaolalamikia kuni na malisho yaliyopungua wana haki yao.

Halafu kuna mgeni mwingine, mathenge. Mti huu wa Amerika uliletwa kuzuia jangwa, nao ukasambaa kandokando ya mto Turkwel. Waturkana wameupa jina, etirae, na huuchoma mkaa. Wafugaji wa Baringo waliulalamikia mahakamani wakiwa na mbuzi kibogoyo kama kielelezo, wakidai maganda yake matamu yalimharibu meno. Wataalamu bado huuita mti mgeni. Mnunuzi wa mkaa huuliza bei ya gunia.

Tukirudi kwa watu, makazi ya Kalobeyei, jirani na Kakuma, yalifunguliwa 2016 ili wakimbizi na wenyeji watumie shule na zahanati pamoja. Aliyezaliwa hapo mwaka huo sasa ni mwanafunzi. Katiba ya Kenya ya 2010 hutoa uraia wa kuzaliwa kwa kumtazama mzazi, haitazami mahali. Darasani atajifunza upatanisho wa vivumishi, na mwalimu akitaka mfano wa -geni, sijui nani atanyoosha mkono.