Chapati Haipinduliwi

Ujumbe wa Jumapili
Maandiko: Mathayo 21:12-14, Hosea 7:8, Matendo 17:1-9



Wale mliokuwa jikoni siku ya kongamano la akina mama mliniona nikiaibika. Niliingia kuchukua chai, nikaona chapati inaanza kuungua, nikamwambia mama aliyekuwa kwa jiko, "Mama, pindua hiyo chapati." Akacheka mpaka mwiko ukaanguka. "Pasta, chapati haipinduliwi, inageuzwa. Ukisikia kitu kimepinduliwa jikoni, hiyo ni sufuria, na mboga iko chini." Jikoni nzima ikasema amina kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia nikiwa madhabahuni.

Nilitoka na chai yangu lakini neno halikuniacha. Tangu Januari tumekuwa tukiomba hapa kila kesha ya Ijumaa: "Bwana, pindua! Pindua meza ya adui!" Na anayeongoza ni mimi. Sasa kama mchungaji hajui tofauti ya kupindua na kugeuza, tumekuwa tukiomba nini?

Hebu tulitazame neno lenyewe. Kupinda ni kukunja kilichonyooka: waya, fimbo. Kupindua ni kufanya ya chini yawe juu na ya juu yawe chini, na kilichokuwa juu kinamwagika. Humo ndimo yanatoka kupinduka, mapinduzi, hata kipindupindu, ugonjwa unaomlaza mtu mwenye nguvu kwa siku moja. Si neno la upole.

Ndugu zake ni wengi. Redio ikitangaza ajali kwenye barabara yetu hii ya Embu kwenda Meru, sikiliza vizuri. Gari likilala ubavu au paa, limepinduka. Likiviringika mara kadhaa, limebingirika. Na pale daraja la Nithi, ambapo Julai 24, 2022 basi lililotoka Meru kuelekea Mombasa lilianguka na zaidi ya watu 30 wakafariki, ilikuwa ni kutumbukia. Wapo washirika ambao hawapiti pale bila kuomba, na mtu asiwacheke. Kubinua ni kuinua upande mmoja, kama unavyomwaga mchanga wa wilibaro. Kufudikiza ni kulaza chombo uso chini, kama sahani iliyooshwa, na Biblia yetu inalo hilo katika 2 Wafalme 21:13, Mungu akisema juu ya Yerusalemu. Mahakamani wanatengua au kubatilisha, kama Mahakama ya Juu ilivyobatilisha uchaguzi wa urais Septemba 1, 2017. Na siasa za kaunti zimetufundisha kubandua, lakini hiyo niiache hapo, hii ni madhabahu.

Wazee wetu walilihofia neno hili kwa sababu nyingine. Jumapili ya Agosti 1, 1982, wanajeshi wa anga walijaribu kupindua serikali, na nchi ikasikia kwa redio siku ya ibada. Baada ya hapo mtu aliangalia nyuma kwanza kabla ya kulitamka. Lakini vuka uende Zanzibar. Kule Mapinduzi ya Januari 12, 1964 ni sikukuu kila mwaka, watu hawaendi kazini. Neno ni lile lile. Huku lilimpeleka mtu jela, kule linapigiwa ngoma. Inategemea ulikuwa umeketi upande gani wa meza.

Sasa twende Mathayo 21. Yesu anaingia mjini, watu wamemtandikia nguo njiani, kila mtu anangoja apindue kiti cha Mrumi. Haendi kwa Pilato. Haendi kwa Herode. Anaenda hekaluni, anapindua meza za wabadili fedha na viti vya wauza njiwa. Mpendwa, hizo meza zilikuwa za watu wa ibada! Aliyetoka mbali alihitaji sarafu inayokubalika kwa kodi ya hekalu, kwa hivyo kazi ile ilikuwa na sababu zake, na waliokuwa wakiifanya walijiona wako huduma. Njiwa nao walikuwa sadaka ya maskini. Soma Walawi 12:8, kisha soma Luka 2 uone sadaka ya Mariamu. Aliyepindua vile viti alikuwa mtoto wa nyumba iliyotoa sadaka ya ndege.

Na mstari wa 14 huwa tunauruka. Meza zikishaondoka, vipofu na viwete wanamjia mle mle hekaluni, anawaponya. Nafasi ilikuwa imejaa meza.

Kwa hivyo tukiomba "pindua meza", tujue ya kwanza kufikiwa inaweza kuwa yetu. Hata Thesalonike, waliosema mitume wameupindua ulimwengu walikuwa washitaki, na aliyelipa dhamana ni Jasoni, mwenye nyumba, kwa kuwakaribisha tu. Watu wakipindua, kuna mtu anayelipa.

Nafika mahali pagumu, na ninawaomba mnivumilie.

Mnakumbuka ushuhuda wangu wa kesi ya shamba. Miaka sita. Nilishindwa mara ya kwanza, nikakata rufaa, tukafunga na kuomba, na hukumu ikapinduliwa. Mlicheza hapa mpaka viti vikasogea. Kitu ambacho sikuwaambia ni kwamba adui niliyekuwa nikimtaja kwenye maombi ni ndugu yangu, mtoto wa mama yangu. Mlikuwa mkisema "pindua meza yake" na hamkujua ni meza niliyokula nikiwa mtoto.

Mama yetu alifanya kazi kwa kiwanda cha kahawa. Kazi yake ilikuwa kusimama kwa meza za kukaushia, akigeuza kahawa kwa mikono, jua kali akifunika, likipoa akifunua, anageuza tena. Isipogeuzwa, ya chini inashika ukungu na bei inaanguka. Kwetu Embu tunasema kugarura, na ni neno hilo hilo tunalotumia kwa moyo wa mtu kubadilika. Sikumbuki mama akipindua meza hata siku moja. Ukipindua meza ya kahawa, unachookota ni matope.

Hosea anasema Efraimu ni mkate ambao haukugeuzwa. Mwanamke yeyote hapa anajua mkate huo unavyokaa: upande mmoja mweusi, mwingine unga mbichi. Mimi upande wa maombi nimeiva mpaka nimeungua. Upande wa ndugu yangu haujaona moto. Tangu hukumu itoke hajala kwangu na mimi sijala kwake, na watoto wake wananipita sokoni wakinitazama kama askari.

Sheria imenipa shamba, sipingi hukumu. Lakini nimeongea na mpima ardhi. Kuna sehemu ya chini, penye miti ya kahawa aliyoipanda yeye mwenyewe, ambayo naweza kuikata na kumwandikia kwa jina lake. Mke wangu amekubali. Mwanangu mkubwa bado amekasirika, na namwelewa.

Alhamisi napanda matatu kwenda Runyenjes nikiwa na mzee mmoja wa kanisa. Hatukupiga simu, kwa sababu simu yangu hashiki. Inawezekana tukaachwa langoni. Naomba mniombee, na kwa wiki hii tafadhali lile ombi letu la meza tuliweke kando.

Kesha ya Ijumaa ni saa tatu usiku kama kawaida. Nitawaambia kama nilikunywa chai.