Lesoni ya 9: Watatu Kati ya Mia

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: 2 Wafalme 20:1–21, 2 Wafalme 21:1, Isaya 38, Zaburi 90, Luka 14:28–32, Luka 10:30–37, Mathayo 10:29–31.

Fungu la kukariri: Zaburi 90:12.

Fikiria baba wa miaka 66 aliyepata shambulio la moyo wiki tatu zilizopita. Vipimo vimeonyesha kwamba mishipa mitatu inayoulisha moyo wake imeziba vibaya. Madaktari wanashauri upasuaji wa kupandikiza mishipa ya damu, ule ambao wengi huuita baipasi: mshipa huchukuliwa mguuni au ndani ya kifua, ukaunganishwa kwenye moyo ili damu ipite pembeni ya mahali palipoziba. Jioni daktari kijana anawaita mke wa mgonjwa na mwanawe mkubwa, anawaambia kwamba katika wagonjwa wanaofanana na huyu, kama watatu kati ya mia hufia hospitalini.

"Na mume wangu, daktari," mama anauliza, "yeye yuko kati ya wale watatu au wale tisini na saba?"

Daktari ananyamaza kidogo. "Mama, hilo hesabu haisemi."

Mwana anaingilia. "Basi mzee asiambiwe. Moyo wenyewe ndio huo, ataogopa bure."

Katika somo la juma hili tutajifunza hesabu hiyo imetoka wapi, inasema nini na haisemi nini, na mtu anayemwamini Mungu aipokee namna gani.

JUMAPILI: Kupiga Gharama

Soma Luka 14:28–32. Watu wawili katika mfano huu walipaswa kuketi chini kwanza. Walipaswa kuketi wafanye nini?

Daktari René Favaloro wa Argentina alianza kazi yake ya kupandikiza mishipa ya mguu kwenye moyo mwaka 1967, huko Cleveland, Marekani. Upasuaji ulienea haraka, na swali likaja nyuma yake: ni nani atakayepona na ni nani atakayefia mezani? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa macho na uzoefu wa daktari. Tatizo ni kwamba daktari aliyezika wagonjwa wawili mwezi uliopita huona hatari kila mahali, na yule ambaye wagonjwa wake wote walitoka salama haoni hatari popote.

Mwaka 1989 Daktari Victor Parsonnet na wenzake wa New Jersey walichapisha njia ya kuwapa wagonjwa alama kulingana na hali zao. Kisha, mwaka 1995, hospitali 128 katika nchi 8 za Ulaya zilikusanya kwa miezi mitatu habari za wagonjwa wapatao 19,000 waliopasuliwa moyo. Waliandika umri, ugonjwa wa mapafu, hali ya figo, nguvu ya moyo kusukuma damu, kama mtu aliwahi kupasuliwa moyo kabla, kama alikuja kwa dharura. Kisha wakaangalia nani alifariki. Kutokana na hayo walitengeneza kipimo cha mambo 17, kilichochapishwa mwaka 1999 na kuitwa EuroSCORE.

Kinavyofanya kazi si siri. Kila miaka mitano, au sehemu yake, juu ya miaka 60 ni alama moja. Shambulio la moyo lililotokea ndani ya siku 90 ni alama mbili. Kwa hiyo baba wa mfano wetu ana alama mbili za umri na mbili za shambulio, jumla nne. (Mkewe, kama angekuwa na hali hiyo hiyo na umri huo huo, angeongezwa alama moja kwa kuwa ni mwanamke.) Katika wagonjwa wale wa Ulaya, wenye alama 0 hadi 2 walifariki chini ya mmoja kati ya mia. Wenye 3 hadi 5 walifariki watatu kati ya mia. Wenye 6 na kuendelea walifariki kama kumi na mmoja kati ya mia. Hapo ndipo daktari alipotoa neno lake.

Wako waumini wanaosema kwamba kuuliza hesabu ya namna hii ni kukosa imani. Lakini katika Luka, Yesu hamkemei mjenzi kwa kuketi na kuhesabu. Anayechekwa na watu ni yule aliyeanza mnara bila kuhesabu.

JUMATATU: Hesabu Isiyojua Jina

Soma Mathayo 10:29–31. Ni nini kilichohesabiwa hapa, na ni nani aliyehesabu?

Swali la yule mama ni swali la haki, na jibu la daktari lilikuwa la kweli. Kipimo kinajua wagonjwa wengi kwa pamoja. Hakimjui mumewe. Weka pamoja watu mia wenye alama kama zake, na kipimo kinaweza kukisia vizuri ni wangapi hawatarudi nyumbani. Lakini hakiwezi kusema ni kina nani.

Watu hukosea hapa kwa njia mbili. Mmoja husikia "watatu wanakufa" akajiona tayari yuko kaburini, akatoroka wodini usiku na dawa zake mfukoni. Mwingine husikia "tisini na saba wanapona" akaichukua kama ahadi, na mambo yakienda vibaya anatafuta aliyemroga. Daktari hakumhukumu wa kwanza wala hakumdhamini wa pili.

Tena, kipimo chenyewe kinazeeka. Upasuaji ulipoboreka, kile cha 1999 kikaanza kutabiri vifo vingi kuliko vilivyotokea. Ndiyo maana kilitengenezwa upya kwa wagonjwa zaidi ya 22,000 wa mwaka 2010 kutoka nchi 43, kikachapishwa mwaka 2012. Na kipimo kilichozaliwa kwa wagonjwa wa mahali pengine hakivai kila mtu vizuri. Hospitali ya Dar es Salaam, ambako upasuaji huu nao hufanyika, inapaswa kukilinganisha na yanayowapata wagonjwa wake yenyewe kabla ya kukitegemea.

Yule anayehesabu nywele za kichwa anafanya hesabu ya namna nyingine. Anaanza na mmoja.

JUMANNE: Isaya Hakuzungumza Ukumbini

Soma 2 Wafalme 20:1–3. Ujumbe mzito ulipelekwa kwa nani?

Hezekia alikuwa mgonjwa wa kufa. Nabii angeweza kuwaita wakuu wa jumba pembeni akawanong'oneza. Hakufanya hivyo. Aliingia chumbani, akamwambia mgonjwa mwenyewe kwamba hatapona, na kwamba aweke sawa mambo ya nyumba yake.

Katika familia nyingi zetu mambo huenda kinyume. Mgonjwa ndiye wa mwisho kujua. Watoto wanajua, shemeji anajua, mchungaji ameombwa aje kuomba bila kusema anaombea nini. Tunaita jambo hilo upendo, na kweli kuna upendo ndani yake. Lakini anayelala mezani ni yeye. Sahihi ya kukubali upasuaji ni yake. Na yako mambo ambayo hakuna mwingine awezaye kuyamaliza: deni ambalo halikuandikwa, mpaka wa shamba aliogombania na ndugu yake, mtoto wa nje ambaye wengine hawamfahamu, neno la msamaha lililokaa kooni miaka kumi na mbili.

Kama baba wa mfano wetu ataambiwa kwa upole, na mkewe akiwa karibu, huenda atalia. Hezekia alilia sana, akageuzia uso ukutani, na hakuna mahali Isaya anamkemea kwa machozi hayo. Huenda pia, baada ya kulia, ataomba daftari na kalamu na kusema, "Mwanangu, andika." Akifichwa, nafasi hiyo imechukuliwa na watu wanaompenda.

Na angalia jambo jingine. Neno la Isaya lilikuwa kali kuliko la daktari yeyote. Halikusema watatu kati ya mia, lilisema atakufa. Hata hivyo Hezekia aliomba, na jibu likaja kabla nabii hajafika mbali. Ikiwa neno lile halikufunga mlango wa maombi, asilimia tatu haiwezi kuufunga.

JUMATANO: Mkate wa Tini

Soma 2 Wafalme 20:4–7. Mungu alikwisha kuahidi uponyaji. Tini zilikuwa za nini?

Ahadi ilitolewa, na papo hapo dawa ikaagizwa. Isaya hakuona mgongano wowote.

Kipimo cha hatari kinaongeza alama mbili kwa mgonjwa anayepasuliwa kwa dharura. Tano kwa wakati mmoja zinaweza kuongezeka kwa anayefika akiwa mahututi, maana hali mbaya kabla ya upasuaji ina alama zake tatu. Kwa maneno mengine, anayesubiri miezi sita "kwanza tumwombe Mungu", akarudi amebebwa kwenye machela, amejipandishia hesabu mwenyewe. Tuombe, ndiyo. Tuombe tukiwa njiani kwenda kliniki.

Umri hakuna awezaye kuupunguza. Lakini ziko siku kabla ya upasuaji ambazo mgonjwa anaweza kuzitumia: kuacha sigara, kufanya mazoezi ya kuvuta pumzi anayoelekezwa, kudhibiti sukari, kutibu upungufu wa damu.

ALHAMISI: Hesabu Inapomgeukia Daktari

Soma Luka 10:30–37. Kuhani na Mlawi wangeweza kupoteza nini kama wangesimama?

Tangu 1989 jimbo la New York lilianza kukusanya habari za kila upasuaji wa namna hii, kuzipima kwa hali za wagonjwa, na baadaye kuzitangaza, hospitali kwa hospitali na daktari kwa daktari. Kati ya 1989 na 1992 vifo, vilivyopimwa kwa hali za wagonjwa, vilipungua kwa asilimia 41. Hilo ni jema. Wapasuaji waliokuwa wakifanya kazi vibaya hawakuweza tena kujificha.

Lakini mzigo ulikuja pamoja nalo. Mgonjwa mwenye alama nyingi akawa hatari kwa jina la daktari. Baadhi ya wapasuaji wenyewe walikiri kwamba waliwakataa wagonjwa waliokuwa katika hali mbaya kwa sababu ya taarifa hizo. Na mara nyingi mgonjwa wa namna hiyo, ingawa hatari yake mezani ni kubwa, hatari yake bila upasuaji ni kubwa zaidi. Kipimo kilichotengenezwa ili apimwe kwa haki kikageuka sababu ya kupitwa upande wa pili wa barabara.

Swali hili si la wapasuaji peke yao. Kanisa nalo huhesabu.

IJUMAA: Miaka Kumi na Mitano

Soma 2 Wafalme 20:12–19 na 21:1.

Hesabu ya EuroSCORE inaishia kwenye mlango wa hospitali. Inakisia nani atatoka hai, na hapo inanyamaza. Mshipa uliopandikizwa nao unaweza kuziba, na ugonjwa ulioziba ile ya kwanza haukuondolewa kwa kisu.

Hezekia alitoka hai. Akapewa miaka 15. Wageni walipokuja kutoka Babeli aliwafungulia ghala zote, na alipoambiwa kwamba siku moja vyote vitachukuliwa, alifarijika kwa kuwa yeye mwenyewe atakuwa na amani. Manase alikuwa na miaka 12 alipoanza kutawala, maana yake alizaliwa ndani ya miaka ile ya nyongeza.

Maswali ya kujadili:

1. Je, ni vema daima mgonjwa aambiwe hesabu yake? Kama yeye mwenyewe amesema hataki kuijua, ndugu wafanyeje?

2. Muumini amekataa upasuaji akisema Mungu amemwahidi uponyaji. Mtampelekea maneno gani, na nani aende?

3. Ni nani katika kanisa lenu ambaye hasaidiwi kwa sababu "hali yake ni ngumu mno"?

4. Yule baba amepona, ametimiza miaka 67, na bado hajaonana na ndugu yake wa mpakani. Mkewe anakuja kwenu Sabato asubuhi kuomba ushauri. Mtamwambia nini?