Deni Lililowekwa Baharini

Mtu akifa na deni, sheria ya mirathi tuliyoizoea visiwani humu inaagiza deni lilipwe kwanza, ndipo warithi wagawane kilichobaki. Hekima yake ni kwamba mali haiendi kwa mmoja na dhima kwa mwengine. Naikumbuka hekima hii kila nisomapo habari za joto la bahari, kwani humo naiona mirathi iliyogawanywa kinyume.

Bahari ya tropiki hupokea jua mchana kutwa, na sehemu kubwa ya joto lile huirudishia hewa kwa njia ya mvuke. Maji yageukapo mvuke huondoka na joto lililojificha, lisionekane tena mpaka mvuke uwe mawingu na mvua. Biashara hii ya kale baina ya maji na hewa ndiyo inayoiendesha mvua yetu, na inashiriki katika kuzisukuma pepo za kaskazi na kusi. Lakini katika biashara hiyo bahari ina ghala kubwa mno: kupasha mita tatu tu za maji ya juu kwahitaji joto takriban sawa na la kuipasha hewa yote iliyo juu yake kwa kiwango hicho hicho.

Tangu viwanda vianze kuchoma makaa ya mawe na mafuta, gesi ya ukaa imezuia sehemu ya joto lisitoke duniani, na zaidi ya asilimia 90 ya joto hilo la ziada imeingia baharini. Baina ya 1950 na 2020, joto la uso wa Bahari ya Hindi lilipanda kwa kasi ya takriban nyuzi 1.2 za Selsiasi kwa karne.

Je, tuuite huu wema wa bahari? La, wema hutaka hiari. Tuuite amana? Amana nayo hutaka mpokeaji aliyeridhia. Lililotendeka ni kumtwika asiyesema, na kimya chake kikamficha mtwikaji kosa lake. Yumkini mtu atauliza: asiyeliona kosa atalaumiwaje? Swali hili ni la haki, na waliowasha matanuri ya kwanza naona wana udhuru. Ila mwaka 1992, huko Rio de Janeiro, mataifa yalitia saini mkataba wa kulikabili jambo hili. Kuanzia hapo udhuru wa kutojua umekwisha. Kilichosalia ni kuchelewesha.

Na deni limeanza kudaiwa. Mwaka 1998 matumbawe ya magharibi ya Bahari ya Hindi yalipauka, mengi yakafa. Yakapauka tena 2016 na 2024. Mwaka 1997 na 2019, maji ya upande wetu yalipokuwa na joto kuliko kawaida, mvua za vuli zikageuka mafuriko Afrika Mashariki. Mizunguko hiyo ni ya maumbile, lakini siku hizi huanza juu ya maji yaliyokwisha kupashwa. Anayelipa ni nani? Ni mama wa pwani ambaye mwani wake huoza katika maji ya kina kifupi, naye hajawahi kumiliki hata pikipiki.

Sisemi kwamba sisi tu safi. Mashua zetu zina mashine, na magari yetu yanatoa moshi. Lakini mwenye deni la pishi hawi sawa na mwenye deni la ghala, na kuwasawazisha ni dhuluma nyengine.

Joto lililokwisha kuzama halitoki kwa amri. Litakaa karne nyingi vilindini. Kwa hivyo malipo hayawezi kuwa kuirudisha bahari ilivyokuwa. Yanaweza kuwa mawili: kuacha kuongeza, na kumpunguzia mzigo yule aliyeangukiwa nao bila ya kukopa. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema alipe jirani.