Deni la Mwisho wa Msimu

Jumapili ya tarehe 22 Juni, 2025, timu ya Dodoma Jiji ilishuka katika uwanja wa Amaan, Unguja, kucheza na Yanga. Huenda wewe msomaji wa visiwani ulikuwamo uwanjani siku ile. Mimi niliyezaliwa mwendo mfupi kutoka hapo nilikuwa Dodoma, ndani ya kibanda umiza kimoja cha mtaa wa Majengo, nimejifunika koti kwa baridi ya Juni. Timu ya mji niliouhamia ilikuwa imekwenda kucheza katika mji niliouhama, nami nikaitazama kwenye kioo cha televisheni, baina ya watu ambao wengi wao hawajapata kuiona bahari. Ilipolia filimbi ya mwisho Yanga ilikuwa na magoli matano, na Dodoma Jiji haikuwa na kitu.

Kando yangu aliketi jirani yangu, mzee wa Kigogo alimaye mtama na uwele nje ya mji, upande wa Chamwino. Lilipoingia goli la tatu alinigeukia.

"Mpemba," akaniambia. Ndivyo aniitavyo, ijapokuwa mimi ni Muunguja na nimekwisha kumsahihisha mara nyingi. "Hebu niambie wewe mtu wa vitabu. Vijana hawa ubingwa si wao. Kushuka daraja hawashuki. Sasa wanakimbia kwa ajili ya nini?"

Nilimjibu upesi kwamba wanakimbia kwa heshima ya jezi. Mzee akacheka. "Jezi, mwanangu, kesho inafuliwa."

Nilirudi nyumbani na kicheko kile, na tangu siku hiyo swali lake halijaniacha. Shuleni sikufika mbali. Nilicho nacho nimekipata kwa kamusi na vitabu vya kuazima, na mtu aliyejisomesha mwenyewe ana ila moja, kwamba swali likimshinda hana mwalimu wa kumpelekea. Hulala nalo.

Kwanza nieleze hali ilivyo, kwa faida ya msomaji ambaye mapenzi yake yako kwenye vina kuliko kwenye magoli. Katika msimu ule Ligi Kuu ya Tanzania Bara ilikuwa na timu 16, na kila moja ilicheza mechi 30. Wiki za mwisho zilipowadia, Yanga na Simba zilikuwa bado zinaukimbilia ubingwa kwa tofauti ya pointi moja, hata zikakutana tarehe 25 Juni na Yanga ikashinda 2–0. Huko chini, Kagera Sugar na KenGold zilishuka daraja. Baina ya hao wa juu na wale wa chini zipo timu za katikati, ambazo hazina taji la kupokea wala shimo la kuogopa. Dodoma Jiji, timu ya halmashauri ya jiji, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2020, ilikuwa miongoni mwa hizo. Timu ya namna hiyo inacheza mechi ambayo kwake yenyewe imekwisha. Je, ina deni gani?

Jibu langu la heshima ya jezi lina kasoro, na mzee aliiona kabla yangu. Heshima ni mali ya mwenyewe. Mtu akisema, "Heshima yangu nimeamua kuipumzisha leo," nani atamshitaki? Likiwa deni lenyewe ni la mtu kwa nafsi yake, basi ana haki ya kujisamehe, kama mwenye duka anavyoweza kujisamehe bei ya sukari anayopeleka nyumbani kwake. Ikiwa kuna deni la kweli hapa, sharti pawe na mdai mwingine.

Mdai huyo alionekana waziwazi huko Hispania, katika Kombe la Dunia la mwaka 1982. Algeria, iliyokuwa imeshiriki kwa mara ya kwanza, iliifunga Ujerumani Magharibi 2–1, ikapoteza kwa Austria, kisha ikaifunga Chile 3–2. Tarehe 25 Juni, siku moja baada ya Algeria kumaliza mechi zake, Ujerumani Magharibi na Austria zilikutana katika mji wa Gijón. Hesabu ilikuwa imekwisha kujulikana: Ujerumani ikishinda kwa goli moja au mawili, wote wawili wangesonga mbele na Algeria ingerudi nyumbani. Goli lilifungwa dakika ya kumi na Horst Hrubesch. Dakika zilizobaki mpira ulipitishwa huku na huko, bila ya mtu kutaka kumtaabisha mwenzake. Walioko uwanjani walizomea, na baadhi ya Waalgeria wakapungia noti za fedha. Waswahili tunasema asiyekuwapo na lake halipo. Algeria haikuwapo, na lake halikuwapo.

Baadaye kanuni ilibadilishwa, na kuanzia Kombe la Dunia la 1986 mechi za mwisho za kila kundi huchezwa saa moja. Ni kanuni njema. Lakini kanuni imeweza kupanga saa tu. Haikuweza kumwamuru mtu atamani kushinda.

Najua kwamba Gijón na Amaan si mizani moja. Kule wote wawili walikuwa na faida ya kuvuna, na walichokifanya kilionekana na dunia nzima. Hapa palikuwa na timu moja yenye shauku na nyingine iliyochoka. Nimeutaja mkasa ule kwa jambo moja tu: umetuonyesha mdai ni nani. Ni mtu wa tatu, asiyekuwapo uwanjani, ambaye riziki yake inapita mikononi mwa watu wasio na haja nayo. Timu ya katikati leo inacheza na anayetafuta taji, kesho inacheza na anayekimbia kushuka. Ikilegea mbele ya mmoja na kukaza mbele ya mwingine, imegawa zawadi ambazo si zake.

Hapo nilidhani nimelipata jibu, nikataka kumpelekea mzee. Nikazuiwa na haya.

Maana nilikumbuka Februari ya mwaka ule ule. Dodoma Jiji ilikwenda Ruangwa kucheza na Namungo, na tarehe 10 Februari, ilipokuwa inarejea, basi lake lilipata ajali katika mkoa wa Lindi na kutumbukia mtoni. Mungu aliwanusuru, hakufa mtu, lakini wachezaji na viongozi walijeruhiwa. Mechi yao na Simba ikaahirishwa hadi Machi, na walipoicheza walifungwa magoli sita. Mimi niliyekaa kwenye benchi la mbao na kikombe cha kahawa mkononi, ni nani hata nimhesabie pumzi kijana aliyetolewa majini? Magoli matano hayasemi kama aliyefungwa amechoka, ameumia, amezidiwa tu na aliye bora kuliko yeye, au amejiachia. Kushindwa kuna uso mmoja, na kujiachia huvaa uso huo huo. Sina ushahidi wowote kwamba vijana wale walijiachia, na mtu asiye na ushahidi hana budi kuuchunga ulimi wake. Naiona dhana mbaya kuwa nayo ni namna ya kujiachia: mshabiki amechoka kutazama, kwa hivyo anahukumu.

Basi nani ajuaye? Anayejua ni mtendaji peke yake. Nami, kwa kuwa siwezi kuingia katika kifua cha mchezaji, nitaingia katika changu.

Miaka mingi iliyopita, kabla sijahamia bara, nilipewa kazi ya kutafsiri riwaya. Jina lake silitaji, wala la aliyeichapisha, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Sura kumi na tisa nilizifanya kwa mapenzi. Nilikuwa nikilala na neno moja na kuamka nalo. Kisha malipo yakakamilika kabla sijaimaliza kazi. Zilibaki sura mbili. Hapakuwa na sifa mpya ya kupata, kwani mhariri alikwisha kuridhika, wala hasara ya kuogopa, kwani fedha zilikwisha kuliwa. Nilikuwa, kwa lugha ya ligi, katikati ya msimamo. Sura zile mbili nilizimaliza kwa siku tatu. Palipokuwa na sentensi ngumu niliizunguka, na mahali pamoja niliruka nusu ukurasa mzima, ambapo mama mmoja anakaa jikoni usiku na kumlilia mwanawe aliyezama. Kitabu kilitoka, kikasifiwa. Hakuna aliyegundua.

Baada ya miaka kadhaa nilipata barua kutoka kwa mwanafunzi aliyekuwa akiandika makala juu ya kitabu hicho. Aliniuliza kama nakubaliana naye kwamba ukimya wa mama yule katika sura ya mwisho, yeye ambaye hatukumwona akimlilia mwanawe hata mara moja, ndio kilele cha riwaya nzima. Alikuwa ameandika kurasa nyingi, kwa hati nzuri. Hoja yake yote ilikuwa imesimama juu ya uvivu wangu. Nilimjibu kwa maneno ya juu juu, nikamsifu kwa bidii yake, na ukweli sikumwambia.

Yule mwanafunzi ndiye Algeria yangu. Siku nilipokuwa nikiruka nusu ukurasa ule sikumjua, wala hakuwa amezaliwa katika fikira zangu. Niliona niko peke yangu na karatasi, na kwamba nilichokipunguza nimejipunguzia mwenyewe.

Wiki kadhaa baada ya mechi ile nilimtembelea mzee nyumbani kwake, nikamweleza habari ya deni na ya mtu wa tatu. Alinisikiliza kwa adabu, kama asikilizavyo mtu jambo alijualo. Kisha akanisimulia kisa cha mwaka mmoja ambao mvua ilikatika Februari na mtama wake ukadumaa. Yaliyotoa masuke yalikuwa mashina machache, tena mepesi, hata mkewe akamwambia aliache shamba. Lakini ulipofika wakati wa kweleakwelea, mzee alipanda dunguni kila alfajiri, akashinda juu ya dungu akipiga teo na kupiga kelele, anaamia shamba lisilo na mavuno.

Nikamuuliza swali lake mwenyewe: alikuwa akiamia kwa ajili ya nini?

"Ndege hawajui mpaka," akasema. "Wakishiba kwangu, wakalala kwangu, asubuhi wako kwa jirani, na jirani mtama wake umekubali. Shamba langu halikuwa na kitu, lakini lilikuwa njiani."

Hakuongeza neno juu ya mpira, nami sikumkumbusha. Sidhani hata kama aliona kwamba amejijibu. Nilirudi mjini kwa daladala, upepo unapeperusha vumbi la mashamba yaliyokwisha kuvunwa, nikifikiri juu ya mambo yangu mangapi yaliyo njiani.

Nusu ukurasa ule nimekwisha kuutafsiri. Ulinichukua siku tisa, na mama yule sasa analia kama alivyolia katika lugha yake. Nilimwandikia mwanafunzi kwa anwani ya zamani, na barua ikarudi. Kitabu hakichapishwi tena. Nakala chache zilizonifikia nimezibandikia karatasi ndani, kwa gundi, mbele ya ukurasa wa mwisho. Nyingine ziko katika mikono nisiyoijua. Ikiwa msomaji wa makala haya anayo moja, na akiona kwamba mama wa mtoto aliyezama hamlilii mwanawe, tafadhali asimtafutie sababu. Alilia. Ni mimi niliyekuwa nimechoka.