Mtoto Huyu ni wa Nani?

Katika milima yetu ya Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Tangu zamani yatima hakuulizwa atalala wapi. Alikuwa na wajomba, na shamba la ukoo. Kwa hiyo wako wazee wasemao ya kuwa kumwandikisha mtoto kwa halmashauri ni kutangaza kwamba ukoo umekufa. Neno hilo si la kudharauliwa. Lakini je, ni haki?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 94, yaiamuru halmashauri kulinda na kukuza ustawi wa mtoto katika eneo lake, na kuweka daftari la watoto wenye dhiki kupita wengine, ipate kuwasaidia kadiri iwezekanavyo. Maneno hayo ya mwisho ni mlango mpana, twajua. Hata hivyo mtoto aliyeandikwa akinyimwa, twaweza kuuliza kwa nini. Asiyeandikwa hakunyimwa kitu, maana hakuwako. Na majina yatoka wapi? Afisa wa ustawi wa jamii hawezi kumwona mtoto aliye juu ya Nyandira, nyuma ya ukungu, asipotajiwa. Ndiyo sababu kifungu cha 95 chamtaka kila mtu ajuaye ya kuwa haki ya mtoto yavunjwa aende akaseme.

Hapa twaungama kosa letu. Alikuwako msichana darasani kwetu, akilelewa na bibi yake kipofu. Alipokosa kuja majuma mawili tuliuliza, tukajibiwa, "Ana wajomba." Tukanyamaza, tusije tukaingilia nyumba ya watu. Baadaye tulisikia yuko mjini Morogoro, anatumika nyumbani mwa watu, ilhali hajatimiza miaka 12. Wajomba walikuwako kweli: mmoja Dar es Salaam, mwingine kitandani, mgonjwa.

Wengine huikimbia mipango ya serikali wakikumbuka mwaka 1955, watu wa Matombo walipoyakataa matuta waliyolazimishwa kulima. Nasi hatuwalaumu wale, kwa maana walipangiwa mashamba yao wenyewe. Lakini siku hizi mkutano wa kijiji hupaswa kuitishwa kila miezi mitatu, nasi twaitwa kusema. Katika ule wa mwisho tuliokaa yalisemwa mengi juu ya bomba la maji, na barabara, na nguruwe waharibuo mahindi. Habari za watoto hazikutajwa, wala sisi walimu hatukusimama.