Viwanja Viwili, Kamera Moja

Zamani Mwarabu akiwasha televisheni kutazama habari, aghalabu alionyeshwa mfalme au rais wake akipokea wageni. Mwaka 1996 Qatar ikaanzisha kituo cha televisheni cha Al Jazeera mjini Doha, na kwenye madishi ya Waarabu wapinzani wakaanza kusikika wakiwasema watawala hadharani, kwa Kiarabu.

Mwaka 2011 kituo hicho kilifikia kilele chake. Serikali ya Tunisia, iliyokabiliwa na maandamano, ilikuwa imewazuia waandishi wa Al Jazeera; kituo kikachukua video ambazo wananchi walizipiga kwa simu zao, kikazirusha nchi nzima ikaona. Januari 14 Rais Ben Ali akakimbia. Misri ikafuata. Televisheni ya serikali ilipoonyesha Cairo iliyotulia, Al Jazeera ilionyesha Uwanja wa Tahrir ukifurika watu. Ofisi yake ikafungwa, matangazo yake yakaondolewa kwenye setilaiti ya Nilesat, lakini habari haikuzuilika. Februari 11 Rais Mubarak akang'oka, na umati ukaishangilia Al Jazeera kama ndugu.

Siku tatu tu baadaye watu wa Bahrain nao wakaingia barabarani, kisha wakapiga kambi kwenye Mzunguko wa Lulu, mjini Manama. Madai yao yalifanana na ya Tahrir. Ila Bahrain ni jirani wa Qatar, na watawala wa nchi hizo mbili hukaa meza moja katika Baraza la Ushirikiano la Ghuba. Machi 14 majeshi ya Saudia yakavuka daraja kuja kumsaidia mfalme. Siku nne baadaye mnara wa Lulu, uliosimama katikati ya mzunguko huo, ukabomolewa. Idhaa ya Kiarabu ya Al Jazeera iliyokesha Tahrir haikukesha Manama. Mwezi huohuo Qatar ilipeleka ndege za kivita dhidi ya Gaddafi, mtawala wa Libya, na habari za Libya zikapewa nafasi tele. Filamu ndefu kuhusu Bahrain ilitoka Agosti, tena kwenye idhaa ya Kiingereza. Nyani haoni kundule.

Watazamaji waliona. Julai 2013, jeshi la Misri lilipomwondoa Rais Morsi, aliyeungwa mkono na Qatar, waandishi wa Al Jazeera walifukuzwa kwenye mkutano wa wanahabari huko Cairo, na waliowapigia kelele watoke ni wanahabari wenzao. Ni jiji lilelile lililowashangilia.

Picha za Tahrir zilikuwa za kweli, na waliozipiga walihatarisha maisha yao. Kosa halikuwa katika kilichoonyeshwa. Lilikuwa katika kilichonyamaziwa. Uongo hukanushwa, lakini ukimya hupita bila kushtukiwa.

Basi, msomaji, kituo kinachomfichua dhalimu wa mbali kisikupumbaze. Mjue anayekilipia, kisha uangalie kinasema nini juu ya rafiki zake. Kikinyamaza hapo, badili kituo.