Ubao wa Darasa na Mtoto Aliyenyamaza

Mwaka 1977 serikali ya Tanzania iliwapa ANC, chama kilichopigania ukombozi wa Afrika Kusini, shamba la zamani la mkonge huko Mazimbu, nje kidogo ya mji wa Morogoro, wajenge shule. Wengi wa waliopokelewa pale walikuwa vijana waliokimbia Afrika Kusini baada ya tarehe 16 Juni 1976, siku wanafunzi wa Soweto walipoandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana na polisi wakawafyatulia risasi. Shule ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Watoto wadogo nao wakawa na kituo chao, kilichoitwa kwa jina la Charlotte Maxeke. Majengo yalikabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1992, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako husomeshwa pia walimu wa sayansi wa shule zetu za sekondari.

Ninawafikiria walimu hao watarajiwa kila ninaposikia mtu akisifu mbao za mtandaoni, zile ambazo mwalimu huweka swali, akatuma linki, na darasa zima likabandika majibu yake mahali pamoja kila mmoja akiona ya mwenzake. Padlet ndiyo inayojulikana zaidi. Wanaozisifu husema zinachangamsha somo, na ni kweli. Lakini mimi naona thamani yake kwingine, na hatari yake kwingine pia.

Mtoto wa Kitanzania husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha anaingia kidato cha kwanza na kukuta fizikia na jiografia vinafundishwa kwa Kiingereza. Mwalimu yeyote wa kidato cha kwanza anajua kinachofuata. Binti aliyekuwa akinyoosha mkono darasa la saba sasa anatazama dawati. Hajapungukiwa akili. Anajua kwa nini mvua hunyesha zaidi upande mmoja wa Milima ya Uluguru kuliko mwingine, maana ameishi huko, ila sentensi ya kulisema jambo hilo haiji, na akijaribu akakosea wenzake watacheka. Mwalimu akiona kimya hicho mwaka mzima huishia kuamini kwamba mtoto hajui. Ubaya zaidi, mtoto mwenyewe huishia kuamini hivyo. Sisemi kwamba madhila yetu ni sawa na yale ya Soweto. Hakuna aliyewapiga risasi watoto wetu kwa ajili ya lugha. Lakini ajabu ni kwamba ardhi iliyowapokea vijana waliokataa kunyamazishwa kwa lugha ndiyo inayowaandaa walimu watakaosimama mbele ya madarasa yaliyonyamaza.

Kwenye ubao wa pamoja binti yule anapata muda. Anaandika polepole, anafuta, anachanganya Kiswahili na Kiingereza, anachora mshale juu ya picha ya mlima. Jibu lake linakaa pembeni ya jibu la yule mvulana mwepesi wa kusema, na kwa mara ya kwanza darasa linaona kwamba lake ndilo lenye maelezo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa. Haki hiyo haitimizwi kwa kumuuliza tu; lazima apewe njia anayoiweza. Kwa sababu hiyo siungi mkono wanaotaka mbao hizi ziachwe kabisa.

Sasa hatari. Mtoto anayeandika hadharani amejiweka mikononi mwa aliyemfungulia ubao. Mwalimu akiruhusu kila mtu aandike bila jina, na asijue nani ameandika nini, kabla kipindi hakijaisha kutakuwa na neno juu ya umbo la mtu au kabila la mama yake, na darasa zima litakuwa limelisoma. Akilazimisha majina yaonekane, wale wanyamavu watarudi kwenye kimya chao. Ninachopendekeza hakihitaji fedha. Kila mtoto apewe namba, wenzake waione namba tu, na orodha ya namba na majina ibaki kwenye daftari la mwalimu. Tena mwalimu aweke ule mpangilio unaozuia andiko lisionekane mpaka alisome kwanza yeye. Utamchelewesha. Na achelewe, maana kusoma kabla ya wengine kusoma ndiyo kazi ya mlezi.

Kuna pia suala la simu. Wanafunzi hawaruhusiwi kuwa nazo shuleni, kwa hiyo kazi ya ubao ikipelekwa nyumbani inafanyiwa kwenye simu ya mama, usiku, bando likiwapo. Asiye na simu nyumbani anaonekana mvivu mbele ya wenzake wote. Mwalimu mwenye huruma atafanya kazi hiyo darasani: watoto waandike majibu kwenye vikaratasi, kisha yeye ayaingize kwenye ubao kwa kishikwambi chake. Walimu wengi wa serikali walipewa vishikwambi baada ya sensa ya 2022, na kimoja kinatosha. Na mzazi anayeombwa simu asiitoe na kugeukia mambo yake. Akae hapo, asome mwanawe anachoandika na anachoandikiwa.

Wachache hufikiria mwisho wa ubao. Google iliufunga ubao wake wa Jamboard tarehe 31 Desemba 2024. Kinyume chake kinanisumbua zaidi: mbao zilizosahaulika, linki bado iko wazi, majina na picha za watoto waliokwisha kumaliza shule zikimngoja yeyote apitaye. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Hata hivyo sheria haiji darasani kufuta ubao.

Wanafunzi wa ualimu wa Mazimbu wanapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, wasimamizi wao hukaa nyuma ya darasa na kutazama andalio la somo, sauti, na matumizi ya ubao wa ukutani. Kama mwanafunzi wa ualimu ametumia ubao wa mtandaoni, ningependa msimamizi aombe mambo mawili zaidi: daftari lenye orodha ya namba, na ubao wenyewe wiki moja baada ya somo, aone umefungwa au bado uko wazi.